Rafu Moja ya Duka: Shule, Kazi na Mafunzo ya Usimamizi

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya kamati ya elimu katika ukumbi wa hekalu, wakati wa juma la maadhimisho



Katika juma hili tumesikia mengi kuhusu waliolijenga hekalu letu, na wajukuu wao wamesimama hapa kuwataja. Sisi wa kamati ya elimu tumepewa muda wa kusema juu ya wale ambao bado hawajajenga kitu, yaani wanafunzi wa sekondari. Shule mbili za jirani zimetuuliza kama wafanyabiashara wa jumuiya hii, pamoja na majirani wenye karakana na ofisi, wangekuwa tayari kuwapokea wanafunzi wao kwa saa kadhaa kila juma ili wajifunze kazi, na hasa wajifunze namna kazi inavyosimamiwa. Jibu jepesi ni “ndiyo, waje”. Tunalihofia jibu hilo kwa sababu ya wepesi wake. Vijana wataingia, watafagia, watapanga maboksi, watatumwa chai, na mwisho wa muhula watatoka wakiwa wameijua vizuri njia ya kwenda kwa muuza chai.

Kwa hiyo tumeona vyema kueleza kwanza jambo hili lilianzaje huko lilikoanzia, na ni kitu gani ndani yake kinachomfundisha kijana usimamizi.

Huko Amerika ya Kaskazini mpango huu huitwa elimu ya ushirika. Jina hilo lisituchanganye na vyama vya ushirika vya kahawa na pamba. Washirika hapa ni shule na mahali pa kazi, na kinachowakutanisha ni mwanafunzi mmoja. Si uanagenzi wa gereji, ambako kijana huiacha shule na kumfuata fundi. Wala si yale mafunzo kwa vitendo ya vyuo, ambayo mara nyingi huja masomo yakielekea ukingoni. Katika elimu ya ushirika kijana anabaki kuwa mwanafunzi muda wote: alichokiona kazini hurudi nacho darasani kikaulizwe, na alichokisoma darasani huenda nacho kazini kikapimwe.

Aliyeuanzisha ni mhandisi aliyeitwa Herman Schneider, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Cincinnati, katika jimbo la Ohio. Mwaka 1906 alianza na wanafunzi 27 wa uhandisi. Aliwapanga wawili wawili: huyu akiwa kiwandani, mwenzake yuko darasani, kisha wanabadilishana. Kiwanda hakikubaki bila mtu, na darasa halikubaki bila mifano. Miaka miwili baadaye, mwaka 1908, mji wa viwanda wa Fitchburg, Massachusetts, ukalishusha wazo hilo hadi shule ya sekondari. Kozi ilikuwa ya miaka minne. Mwaka wa kwanza kijana alisoma shuleni tu; miaka mitatu iliyofuata alikaa juma moja shuleni na juma moja karakanani. Alilipwa senti 10 za dola kwa saa katika mwaka wake wa kwanza wa kazi, senti 11 katika mwaka wa pili, na senti 12 na nusu katika mwaka wa tatu.

Tungependa mtulie kidogo na jambo moja dogo la Fitchburg, kwa sababu ndilo lililotufanya tuiandike hotuba hii. Kila Jumamosi, kijana aliyekuwa shuleni juma lile alikwenda karakanani kabla ya kazi kufungwa, akasimama kando ya mwenzake na kuoneshwa kazi iliyokuwa ikiendelea, ili Jumatatu asubuhi aishike pale ilipoachwa.

Fikirini yaliyomo katika Jumamosi ile. Anayekabidhi lazima ajue amefika wapi: kipi kimepimwa, kipi bado, kifaa gani kimeanza kusumbua, msimamizi amesema nini. Lazima aseme ukweli, kwa kuwa uongo wake utaonekana Jumatatu na mwenzake ndiye atakayeubeba. Anayepokea lazima aulize, maana asipouliza atasimama mbele ya mashine asijue pa kuanzia. Hakuna aliyewaambia vijana wale kwamba wanasoma usimamizi. Lakini sisi sote tuliowahi kuajiri tunajua kwamba makabidhiano ndipo mahali ambapo kazi nyingi huvunjika. Karani akienda likizo, duka hukwama juma zima kwa kuwa hakuna ajuaye barua ya forodha imewekwa wapi.

Na wasimamizi wa maduka wasidhani mambo haya ni ya vyuma na grisi peke yake. Huko Boston, mwaka 1905, bibi mmoja aitwaye Lucinda Prince alianza kuwafundisha wasichana kazi ya uuzaji kwa kushirikiana na maduka makubwa ya mji ule, wakijifunza darasani na kufanya mazoezi kaunta. Mwaka 1936 sheria ya serikali ya Marekani ikatoa fedha kwa ajili ya elimu ya biashara ya maduka, kwa sharti kwamba anayefundishwa awe kazini. Sharti hilo ndilo lililozifanya shule za sekondari kuwatafutia wanafunzi nafasi madukani, na mpango ukaenea.

Kuna tamko moja la karibu zaidi linalotufaa. Mwaka 1991 tume iliyoundwa chini ya Wizara ya Kazi ya Marekani ilieleza ni ujuzi gani mahali pa kazi panaudai kutoka shuleni. Ilitaja makundi matano ya ujuzi, na mojawapo ni kugawa rasilimali: muda, fedha, vifaa na nafasi, na watu. Haikusema ujuzi huo ni wa mameneja. Ilisema ni wa kila mfanyakazi. Kwetu sisi hapo ndipo penye uzito, na hapo ndipo tunapolazimika kurudi nyumbani.

Kila Diwali vitabu vya hesabu, chopda, huletwa mbele ya Lakshmi na Ganesh, hufunguliwa ukurasa mpya, huandikwa maneno ya heri, na mwaka wa biashara huanza. Siku hizi wengine huja na kompyuta, nayo hutiwa alama nyekundu kama kitabu. Majirani wengi wameiona ibada hiyo, maana wamekuja kula vitamu pamoja nasi. Wameuona ukurasa ukiwa mtupu na wenye baraka. Ukisha kuandikwa, huonwa na watu wa nyumba.

Mtoto wa mwenye duka hukua akiisikia hesabu mezani. Kabla hajanyoa ndevu ameshajua kwamba mchele umepanda bei, kwamba mteja fulani hulipa tarehe 5 na si kabla, kwamba mzigo ukikaa bandarini unaanza kula fedha. Watu humsifu kwamba amezaliwa na akili ya biashara. Hakuzaliwa nayo, alilishwa pamoja na chapati. Mtoto wa jirani aliyeajiriwa katika duka lilelile akiwa na miaka 20 anaweza kufikisha 40 akiwa hodari, mwaminifu, aijuaye kila bidhaa ilipo hata umeme ukikatika, na bado asiwe ameulizwa hata siku moja: “Tuagize ngapi?” Huitwa kijana wa dukani hadi mvi zinamtoka.

Hatusemi haya kumlaumu mtu. Mtaji wa duka ni wa ukoo, faida yake ni nyembamba, na imani kati ya watu hukua polepole kuliko mwembe. Tunasema hivi kwa sababu wanafunzi watakaokuja watatoka katika nyumba za aina zote mbili, na mpango huu utakuwa na maana ikiwa tu wote wawili watapewa kitu kilekile. Kama mmoja atakaa na daftari na mwingine atabeba gunia, basi tutakuwa tumewapeleka kazini kurudia yale ambayo mtaa ulikuwa umeshawafundisha.

Tena msidhani mwenye kupungukiwa ni mmoja. Huyu wetu aliyekulia kaunta anajua bei, lakini hajapata kuwajibika kwa mtu asiye baba yake. Hajawahi kuomba ruhusa, kupewa taarifa ya maandishi kuhusu uzembe wake, wala kusubiri zamu yake ya kusema. Akikasirika huenda kwa bibi. Ndiyo maana tunapendekeza kwamba wanafunzi wa familia zenye maduka wasiwekwe katika maduka ya wazazi wao wala ya wajomba. Waende kwa jirani mwenye gereji, kwenye zahanati, kwenye kiwanda cha uchapaji, kwa mama mwenye saluni aliyeajiri wasaidizi wanne na anayejua kuliko wengi wetu namna ya kupanga zamu.

Mzee mmoja alitueleza hofu yake kwa uwazi, nasi tunamshukuru: “Akishajua bei ninayonunulia, kesho atafungua duka mkabala na langu.” Huenda akafungua. Wapo waliofungua bila kufundishwa na mtu, na baadhi yao walifunga kabla ya Diwali ya pili kwa kuwa hawakutofautisha mauzo na faida. Na biashara itakayokufa kwa sababu mwanafunzi wa kidato cha tatu ameijua bei ya jumla ya sabuni, ugonjwa wake ulianza zamani. Lakini hofu ya mzee ina haki yake, na hatuombi mtu afungue kitabu kizima. Tunaomba rafu moja.

Maana yake ni hii. Kwa muhula mmoja mwanafunzi akabidhiwe rafu moja ya duka. Kwenye gereji iwe sanduku moja la vipuri, kwa mwenye saluni kitabu cha miadi, kwa fundi samani orodha ya mbao za meza moja pamoja na vipande vinavyobaki. Siku ya kwanza anahesabu na kuandika. Kila siku anaandika kilichotoka. Baada ya majuma machache anaandika pendekezo la kuagiza, pamoja na sababu zake, na mwenye duka analikubali au analikataa. Akilikataa, aseme kwa nini. Katika mpango mzima, hayo maneno machache ya “kwa nini” ndicho kitu ambacho shule haiwezi kukipata mahali pengine.

Tuchukue sabuni hiyohiyo. Tuseme rafu huuza miche 12 kwa siku, na msambazaji hupita kila baada ya siku 7. Mahitaji ya duru moja ni miche 84. Msambazaji akiondoka leo na dukani kuna miche 60 tu, itatosha siku 5, na kwa siku mbili wateja watakwenda duka la pili, ambako huenda wakanunua na mafuta na chumvi palepale. Mwanafunzi akiogopa upungufu akaagiza miche 300, hatapungukiwa, lakini fedha ya mche wa mwisho italala rafuni siku 25, na fedha iliyolala haikulipa umeme. Kijana akilisoma hili darasani ni swali la kugawanya. Akilifanya mbele ya mwenye fedha, kwa rafu yenye jina lake, ataanza kuuliza mwenyewe: mbona Ijumaa tunauza zaidi? Mbona daftari linasema miche 40 na rafu inasema 37? Hapo ameingia katika usimamizi, na hasara ya kosa lake haizidi rafu moja.

Pili, tunaomba kila mahali papokee wanafunzi wawili kwa zamu, kama ilivyokuwa Fitchburg, ili pawepo na makabidhiano. Mwanafunzi mmoja akiwa peke yake, anayoyajua yanabaki kichwani mwake. Wakiwa wawili wanalazimika kuandika, kueleza, kudaiana maelezo, na pengine kugombana kidogo. Kuongoza watu huanzia hapo, muda mrefu kabla mtu hajapewa kiti chenye magurudumu.

Tatu, na hapa tunawageukia walimu: bila mwalimu mratibu, haya yote yatakuwa maneno matamu ya sherehe. Wengi wetu tuna ndugu huko Kanada, hasa wale ambao familia zao ziliondolewa Uganda mwaka 1972, na watoto wa ndugu hao wamesoma katika shule za jimbo la Ontario, ambako elimu ya ushirika ni sehemu ya kawaida ya sekondari. Stashahada ya sekondari ya jimbo hilo hudai alama za masomo 30, ambapo somo la alama moja hupangiwa saa 110, na saa za kazini zenye mpango huhesabiwa humo kama masomo mengine. Lakini kijana haondoki shuleni akaenda tu. Kwanza hufundishwa darasani juu ya usalama na haki zake. Kisha huandikwa mkataba unaotiwa saini na mwanafunzi, mzazi, mwajiri na shule, na mkataba huo ndio unaomwingiza katika bima ya ajali kazini hata kama halipwi. Huandikwa pia mpango wa kujifunza unaosema wazi ni nini atakachokijua akimaliza. Na mwalimu huenda mahali pa kazi kumwona, huzungumza na msimamizi wake, kisha hukaa na wanafunzi darasani wasimulie walichokutana nacho.

Mwalimu wa namna hii si mkaguzi, wala si mgeni wa kuandaliwa soda. Ndiye anayeona kwamba majuma matatu yamepita na kijana bado anafagia, na ndiye mwenye ruhusa ya kusema. Tumeziomba shule zote mbili zimpunguzie vipindi mwalimu huyo. Moja imekubali, nyingine inafikiri.

Juu ya sheria tuseme kwa ufupi, kwa kuwa wapo watakaouliza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Aliyefikisha umri huo aweza kufanya kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia kuhudhuria shule, na aliye chini ya miaka 18 asiwekwe penye hatari. Basi hakuna mwanafunzi atakayepanda juu ya lori la mzigo au kushika msumeno wa umeme, hata akiomba mwenyewe. Na tangu mwaka 2024, shule kadhaa nchini zimeanza mkondo wa amali katika sekondari, hivyo maombi kama haya tuliyoyapokea yatakuja tena. Ni vyema tuwe na desturi yetu nzuri kabla hayajawa mengi.

Juu ya malipo, kamati haikuafikiana, na hatutaficha. Fitchburg walilipa kwa saa. Ontario, nafasi nyingi hazina mshahara, kwa kuwa kijana anahesabiwa kuwa yuko masomoni. Baadhi yetu wanasema asiyelipwa hawezi kudaiwa. Wengine wanasema anayelipwa atadaiwa mno, na duka litasahau kwamba ni mwanafunzi. Kwa sasa tumekubaliana juu ya nauli na chakula cha mchana, visivyo na majadiliano, maana kijana atembeaye kilomita sita kwa miguu ili ajifunze kugawa rasilimali atakuwa ametufundisha sisi.

Tumejifunza jambo jingine kutokana na historia ya Marekani, nalo halipendezi. Mara nyingi mipango hii iligeuzwa kuwa pa kuwapeleka wanafunzi walioonekana hawafai kwa chuo kikuu, na wasichana walielekezwa kwenye taipureta na kaunta huku wavulana wakielekezwa kwenye mashine. Mwenye alama za juu akaukosa ujuzi wa kazi, na mwenye alama za chini akabandikwa jina. Kwa hiyo tumeziambia shule kwamba hatutapokea orodha ya waliofeli peke yao, wala orodha ya wanaosifiwa peke yao. Na ikiwa msichana anataka gereji, mwenye gereji ameshatuambia anamkaribisha, ila avae viatu vya kufunika vidole.

Tutaanza na wanafunzi wanane katika maeneo manne. Ni wachache, nasi tumetaka wawe wachache. Fomu ya makubaliano ni ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, na ina nafasi nne za saini: mwanafunzi, mzazi au mlezi, mwenye mahali pa kazi, na mwalimu mratibu. Sehemu ya juu ni ya majina, siku na saa. Katikati kuna mambo ya usalama. Mstari wa mwisho, ulio juu ya saini ya mwenye mahali pa kazi, una swali moja: “Utamwachia mwanafunzi aamue nini?” Andikeni rafu, sanduku, kitabu cha miadi, chochote chenye mwanzo na mwisho kinachoweza kuhesabika. Fomu itakayorudi na mstari huo ukiwa mtupu hatutaipokea, hata ikiwa ni ya mjumbe wa kamati.

Walimu wa shule zote mbili wako nasi leo, meza ya kushoto, na fomu wanazo. Chakula kiko tayari uani.